Mikono Mia na Ishirini ya Kushoto

Nianze na ubaya wangu mwenyewe. Ubaya wa wengine nitaufikia, tena nitaufikia kwa raha zangu.

Nimekata vitambaa miaka kumi na minane katika kiwanda cha kushona sare: za wauguzi, za walinzi, za wanafunzi, za wafagia ofisi. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, hata sitini, nami nachora kwa chaki kufuata patani, ile karatasi ngumu yenye umbo la kipande, kisha napitisha mashine ya kukatia. Ukikosea kidogo, umekosea mara sitini. Ndiyo maana mkataji hapendwi wala haombi kupendwa. Waliniita Bi Mkasi, na hawakuwa wanasema mkasi wa mezani peke yake.

Watu goigoi nilikuwa nawanusa tangu mlangoni. Kwenye meza ya vifungo alikuwapo mmoja, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mto mdogo wa kukalia aliokuja nao kutoka kwake. Akiinuka, "uwi". Akiketi, "uwi". Akifikia kopo la vifungo, kauwi kadogo kanamtoka puani. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bi Uwi, likamganda kama lami. Kila asubuhi akipita mbele ya meza yangu nilimwuliza kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha pasi, "Leo ni goti au ni kisigino?" Watu wakacheka. Yeye naye alicheka, kile kicheko cha mtu anayeomba njia apite.

Siku moja msimamizi wetu akaja mezani kwangu. Tulimwita Saa Kamili, kwa kuwa alikuwa na saa mbili, moja ya mkononi na moja ya ukutani, na zote mbili zilimwambia kwamba tumechelewa.

"Huyu mama wa vifungo," akasema, "anaomba apunguziwe muda wa kazi. Anasema anaumwa. Wewe unamwonaje?"

Sikuinua hata macho. "Huyo hana ugonjwa, bosi. Ana uvivu, ila ameushonea sare."

Saa Kamili alicheka mpaka akashika meza. Mwisho wa juma Bi Uwi akachukua mto wake akaondoka. Nikala chakula changu cha mchana kwa hamu, na sikumwaza tena.

Miaka miwili baadaye likanianza bega la kulia. Nikadhani nimelala vibaya. Wiki iliyofuata likaingia la kushoto, kisha shingo, kiuno, nyonga, magoti, mpaka mwili wangu ukawa kama nyumba ya kupanga: kila chumba na mpangaji wake, na kila mpangaji ana kelele zake. Niliamka kama mtu aliyepigwa virungu jana yake, ila ugomvi wenyewe haukumbuki. Nililala kwa muda wa saa nane nzima na kuamka nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani. Mshono wa gauni langu begani ukawa unaniuma. Mimi, niliyekula na kuvaa kwa ajili ya mishono! Binti yangu akarudi kutoka shule amefaulu mtihani, akanirukia shingoni kwa furaha, nikamsukuma. Alisimama pale ananitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.

Sikumwambia mtu kiwandani. Nani, mimi? Nilijidharau kwanza kabla hajatokea wa kunidharau. Kila asubuhi nilijisemesha nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, "Inuka, goigoi we, wenzako wako kazini." Nikainuka kwa hasira, nikafanya kazi mara mbili ili kuukomesha mwili. Mwili haukukoma. Nao ulikuwa na kiburi kama changu.

Mwishowe mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na huongea kama anayelipia kila neno, akasema, "Nenda hospitali." Nikaenda.

Daktari wa kwanza alikuwa kijana aliyevaa koti lililomzidi mabega. Nililiona mara moja, mkataji ni mkataji. Alinitoa damu, akanipiga picha ya mgongo, picha ya magoti. Baada ya siku tatu akanikabidhi bahasha huku anatabasamu. "Mama, uko mzima kabisa. Hongera."

"Hongera ya nini? Naumwa."

"Vipimo vyote ni safi."

"Basi vipeni vipimo dawa, mimi nibaki hivi hivi."

Hakucheka. Kizazi cha siku hizi hakina masikio ya mzaha.

Wa pili alinipa vidonge vya maumivu, vikubwa kama vifungo vya koti. Maumivu hayakuvijali hata kidogo, ila tumbo likavijali sana, nikawa na ugonjwa wa pili wa kusindikiza wa kwanza. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye kiti cha kuzunguka. Alizunguka nacho akiniangalia, akaniuliza, "Nyumbani kuna amani? Wewe na mzee mnaelewana?" Nikamwambia tunaelewana, hatuongei. Akaandika kwenye cheti: mawazo. Neno moja. Nimesoma orodha za vifungo zenye maelezo marefu kuliko yale.

Na kama vile madaktari hawakutosha, nilikuwa na wifi yangu. Dada wa mume wangu ni karani wa shule ya msingi, na kwa kuwa amekaa miaka mingi karibu na walimu, anaamini elimu huambukiza. Alikuja kila Jumapili na tiba mpya. Mara mafuta ya kuchua yenye harufu ya gereji, mara tangawizi, mara nilale chini bila godoro. Hakuna iliyosaidia, na kila isiposaidia kosa lilikuwa langu.

"Wifi, wewe hutaki kupona," alinambia siku moja, akimenya chungwa langu kwa kisu changu. "Mimi nikiumwa naumwa kitandani, siumwi mdomoni. Tena mbona unang'aa hivyo? Mgonjwa hukonda."

"Nisubiri nikonde ndipo uniamini?"

"Ingesaidia," akasema, akatia kipande cha chungwa mdomoni.

Mume wangu alikuwapo. Alitazama sakafu. Nilimdharau siku ile kuliko dada yake, maana dada yake angalau alikuwa na msimamo.

Halafu akili nayo ikaanza kunikimbia. Si wazimu; ni ukungu. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko, nikitafuta jina la mwiko. Nilimwita binti yangu kwa majina ya mama zangu wadogo wote kabla ya kulipata la kwake. Kiwandani nikaanza kuandika vipimo kwenye kiganja, mimi niliyekuwa nabeba oda nzima kichwani.

Ndipo ikaja oda ya mashati ya walinzi. Kitambaa cha kaki, matabaka sitini, yote yametazama juu. Kila tabaka lilitakiwa kutoa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Ili upate wa kulia unaigeuza patani. Jambo hili hata mgeni wa siku mbili hulijua. Mimi nikailaza patani, nikachora. Nikaisogeza, nikachora tena bila kuigeuza. Nikapitisha mashine. Mchana ule washonaji walipoanza kuunganisha, kicheko kilianzia meza ya mbele kikaja nyuma kama moto wa nyasi.

Saa Kamili alikuja ameshika mikono miwili ya shati, mmoja kila upande, ameitandaza kama bendera. "Bi Mkasi," akasema, "hawa walinzi wamezaliwa wapi? Wana mikono miwili ya kushoto kila mmoja?"

Mikono mia na ishirini, yote ya kushoto. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mshonaji wa kola, ambaye nilimrudishia kola zake mara elfu, alifuta machozi kwa kola. Nilisimama na chaki mkononi. Sikulia, nasema kweli. Nilimeza mate tu, na hata kumeza kuliniuma.

Msaidizi wangu, mwanaume mtu mzima mwembamba tuliyemwita Kijiko, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alianza kukusanya vile vipande kimya kimya na kuvipanga. "Vitatoka mifuko," alisema. Nikamwambia anyamaze. Huruma yake niliiona ni matusi yaliyopigwa pasi.

Saa Kamili akanipa likizo ya wiki mbili "ujifikirie". Nilijifikiria siku moja, nikachoka. Siku ya pili nikaenda hospitali kubwa, kwa daktari wa viungo, si kwa matumaini bali kwa ubishi. Nilitaka mtu mmoja aniambie usoni kwamba nadanganya, ili nami nimjibu.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mvi, amevaa viatu vya raba. Hakuifungua ile bahasha ya picha. Aliisukuma kando akauliza, "Maumivu yameanza lini?"

"Yapata miezi minane."

"Ukiamka unajisikia umepumzika?"

"Sijapumzika kwa miezi minane."

"Unasahau maneno?"

Nikamtazama. "Nani amekwambia?"

"Kelele zinakuchosha? Mwanga? Tumbo linasumbua? Nguo zinauma?" Alipouliza la nguo, nikashika mshono wa gauni langu begani. Miezi minane nilikuwa nasubiri swali hilo bila kujua kuwa ni swali. Akanibonyeza mabega, shingo, viwiko, nyonga, taratibu, huku anatazama uso wangu wala si vidole vyake. Akaagiza damu nyingine, ya kuangalia tezi na baridi yabisi, ili asije akaacha jambo jingine limejificha. Nikarudi baada ya siku nne. Damu safi tena. Nikaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Umeniambia ni safi. Najua kinachofuata. Hongera."

"Kaa, mama. Hapa sasa ndipo tunaanza. Una ugonjwa unaoitwa fibromialgia."

Nikarudia neno lile, likanishinda, nikarudia tena. Lilikuwa refu na la kujidai, lakini lilikuwa jina. Akanieleza. Misuli yangu haijaoza, mifupa haijaliwa. Kilichoharibika ni namna mishipa ya fahamu na ubongo vinavyopokea habari. "Ni kama kengele ya mlango," akasema. "Inatakiwa ilie mtu akibonyeza. Yako inalia hata nzi akitua. Nzi yupo kweli, na kengele inalia kweli. Hudanganyi. Ila mlangoni hakuna mtu."

"Kwa hiyo yamo kichwani," nikasema. Nilikuwa nimelisubiri hilo, nimeshanoa jibu.

"Maumivu yote yamo kichwani. Ukikanyaga msumari, mguu hauna habari mpaka ubongo useme. Hilo si tusi, mama. Ndivyo tulivyoumbwa, hata mimi."

Jibu langu nilikwisha kulinoa, lakini sikuona pa kulichoma.

Nikauliza dawa. Hapo ndipo dharau yangu ilipopata chakula tena. Hakuna dawa ya kuung'oa, akasema. Kuna vidonge vidogo vya jioni, vinasaidia baadhi ya watu, si wote. Kulala saa ile ile, kuamka saa ile ile. Na kutembea.

"Kutembea?"

"Dakika tano kwa siku. Wiki ijayo sita."

"Daktari, mimi nasimama saa tisa kwa siku tangu binti yangu hajazaliwa. Nimekuja na mwili mzima unaowaka, unanipa dakika tano za kutembea?"

"Ndiyo. Na siku ukijisikia vizuri, usizidishe. Siku nzuri ndiyo itakayokuangusha."

Nikatoka nikisonya ngazi zote mpaka chini. Siku nne baadaye nikaamka mwepesi, ama kwa vidonge ama kwa bahati. Nikasema, kamama kadogo kale na raba zake atanifundisha mimi kazi? Nikashusha mapazia yote ya nyumba, nikayafua, nikayaanika, nikasugua sakafu, nikageuza kabati la vyombo. Jioni nilikuwa naimba. Siku tatu zilizofuata sikuweza kuchana nywele zangu. Binti yangu ndiye aliyenichana, kwa vidole, taratibu, kila mara akiuliza, "Hapa panauma, mama?" Nikamwomba radhi kwa kile nilichomfanyia siku ya mtihani. Akasema alishasahau. Alikuwa hajasahau, ila analelewa vizuri.

Nikiwa nimelala pale ndipo nilipomkumbuka Bi Uwi. Si kwa sababu nina moyo mzuri. Nilimkumbuka kwa sababu nilijisikia nikigeuka upande wa pili, na sauti iliyonitoka niliijua.

Kijiko alinielekeza alipo. Alikuwa na kibanda cha kuuza vitambaa vya mabaki, mtaa wa nyuma ya soko. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, mto nyuma ya kiuno, mbele yake vipande vimepangwa kwa rangi. Aliniona ninavyotembea. Alinitazama miguu, akanitazama mabega, kisha akanitazama usoni, na nikaona kwamba ameelewa yote kabla sijafungua mdomo.

"Karibu, Bi Mkasi," akasema. "Leo ni goti au ni kisigino?"

Nilistahili. Nikasimama pale nikalipokea. "Leo ni kila mahali," nikasema.

"Wamekuambia jina lake?"

"Wameniambia."

"Mimi niliambiwa kabla sijatoka kiwandani. Barua ya daktari ilikuwa mfukoni. Nilimpa Saa Kamili aisome." Akakunja kipande cha kitambaa mara mbili, akakiweka mahali pake. "Hakuisoma. Alikuja kukuuliza wewe."

Sikuwa nalijua hilo la barua. Nikasema, "Nisamehe, dada."

"Nimekusikia."

Nikangoja. Mteja akaja, akapimiwa kipande cha pamba nyekundu, akaenda. Mimi bado nimesimama, nyonga zinawaka. Palikuwa na kigoda kitupu mbele yangu. Hakunikaribisha kukaa, nami sikuwa na uso wa kukaa bila kukaribishwa.

"Bi Mkasi," akasema mwishowe, "wewe hukuja kuomba msamaha. Umekuja kuuliza unaishije nao. Sasa uliza, nina wateja."

Nikauliza. Nilikuwa mbele ya mwanamke niliyemfanya kichekesho, na nikamwuliza kama mwanafunzi.

"Pumzika kabla hujachoka," akasema. "Ukingoja uchoke ndipo upumzike, umeshachelewa, utalala siku tatu. Fanya kazi kipande, kaa. Kipande kingine, kaa. Hata kama unajiona simba. Hasa ukijiona simba. Na usimweleze kila mtu. Chagua wawili watatu wenye akili, waliobaki waache waseme. Mimi kosa langu lilikuwa kutaka meza nzima ya vifungo inielewe."

"Na ile 'uwi'?"

"Ile ilikuwa inanisaidia kupumua," akasema. "Ninyi ndio mliofikiri ni wimbo."

Nikamshukuru. Akaitika kwa kichwa. Nilipofika kona nikageuka kumtazama; alikuwa anapanga vitambaa vyake, hakuwa ananitazama. Kama mtu ananisubiri niseme kwamba baadaye tulikuja kuwa marafiki, atasubiri sana. Hajanisamehe hadi leo, na sioni kwa nini anisamehe.

Likizo ilipokwisha nikaenda kwa Saa Kamili na barua ya daktari. Niliomba mambo matatu: kiti kirefu cha kukalia penye meza ya kukatia, mapumziko mafupi kila baada ya oda, na kutobeba marobota ya kitambaa. Barua aliishika kwa ncha za vidole, kama inanuka.

"Fibro nini?" akasema. "Hili si jina la kitambaa hili? Kile cha kuvutika?" Akacheka peke yake. Nilimtazama yule bwana na saa zake mbili, nikashangaa kwamba miaka yote ile nilijivuna alipocheka vichekesho vyangu. Kumbe mtu huyu hucheka chochote, mradi kuna mtu wa chini yake.

"Isome, bosi," nikasema. "Ya yule mama wa vifungo hukuisoma."

"Mama gani wa vifungo?"

"Uliyemwondoa. Mwenye mto."

Akakunja uso, akafikiri kwa dhati kabisa. "Simkumbuki," akasema.

Naye hakuwa anadanganya. Tulimkatia mwanamke riziki yake, mimi kwa mdomo na yeye kwa kalamu, na huyu hata sura hakubakiwa nayo.

Akaenda mlangoni akamwita Kijiko. "Njoo hapa. Wewe unafanya kazi naye kila siku. Bi Mkasi anasema anaumwa, vipimo vyote safi, anataka kiti. Wewe unamwonaje?"

Kijiko nilimfundisha kazi kwa matusi. Nilimwita mzigo, nilimwita mkia, mbele ya watu niliwahi kumwambia mikono yake ingefaa kukoroga uji, ndiyo maana ya jina lake. Na ile mikono mia na ishirini bado ilikuwa inasimuliwa. Ningekuwa mimi, ningejua la kusema. Nililisema.

Kijiko akatazama kiatu chake. "Mimi si daktari," akasema.

"Najua si daktari, nakuuliza unamwonaje."

"Mimi si daktari, bosi. Daktari ameandika hapo."

Akaondoka kurudi mezani. Maneno matatu, tena ya mtu asiyejua kusema. Mimi msemaji mkubwa, siku yangu ya kuulizwa ilipofika hayakunijia.

Saa Kamili akapiga hesabu zake kichwani. Hakuona huruma, aliona kwamba hakuna mwingine anayejua kupanga patani bila kupoteza kitambaa. Akanipa kiti. "Kwa majaribio," akasema, kama kiti ndicho kinachojaribiwa.

Ndivyo ninavyofanya kazi sasa. Nakata nimekaa. Kijiko anabeba marobota na mimi namwita kwa jina lake la kweli, ambalo ilibidi nimwulize. Mwanzoni lilimchekesha. Kila baada ya oda naegemea ukuta na kufumba macho dakika kumi, na washonaji wa meza ya mbele wananong'ona. Nawasikia. Mshonaji wa kola alisema wiki iliyopita kwamba nimezeeka kwa hila. Kola zake bado ni mbovu, na bado namrudishia.

Wifi yangu hajabadilika, angebadilika ningeshtuka. Jumapili moja alinikuta nacheka na binti yangu. "Kumbe unacheka! Si ulikuwa mgonjwa?"

Kabla sijamjibu, mume wangu akaweka kikombe chake mezani. "Dada," akasema, "ama umheshimu mke wangu, ama chai ukanywe kwako."

Katika miaka kumi na saba ya ndoa sikuwahi kusikia sentensi ndefu hivyo ikitoka kwake bila jokofu kuhusika. Nilitaka kumwambia amechelewa miezi mingi. Ilikuwa kweli, lakini niliimeza, nikammiminia chai.

Ugonjwa haukuondoka. Kuna asubuhi nauchukia mwili huu kama mtu anavyomchukia jirani asiyehama. Kuna siku vidonge vinanisaidia na kuna siku ni kama nimemeza vifungo. Ukungu unakuja, na oda zote sasa naziandika, na kila patani nimeitia alama pande zote mbili kwa wino mwekundu. Hakuna aliyeniambia kufanya hivyo, na hakuna mkono uliokosewa tangu hapo.

Na ninatembea, ndiyo. Tunahesabu nguzo za umeme za mtaa wetu, mimi na mume wangu, jioni kabla giza halijaingia. Tulianza na nguzo mbili. Majirani walituuliza tunakwenda wapi, tukasema nguzo ya pili, wakatazamana. Sasa tunafika ya kumi na moja, siku ikiwa njema. Juzi haikuwa njema. Nguzo ya saba miguu ikakataa, nikaketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, mbele za watu, mwanamke mzima na gauni langu la kazini. Mama mmoja akapita na mfuko wa mboga, akanipima kutoka kichwani mpaka miguuni, akasonya.

Mume wangu akanyoosha suruali yake magotini, akaketi kando yangu. Akauliza tutapika nini. Nikamwambia sijui, kuna mchicha na mayai. Akasema mayai. Tukakaa pale mpaka nilipoweza kuinuka.